Msukuma Vitanda Aliyechagua Mji wa Mteremko

Chai ya asubuhi imeshapita wodini na kitanda cha kwanza kinatoka mlangoni. Juu yake amelala mzee mwenye paja lililovunjika, anapelekwa chini kupigwa picha. Mbele ya kitanda amesimama mwanamke mwembamba mwenye sare ya kijani na raba zilizofuliwa mpaka zikapoteza rangi. Amekipa kitanda mgongo. Mikono ameipeleka nyuma, ameshika chuma karibu na miguu ya mzee.

"Tayari huko?" anauliza bila kugeuka.

"Tayari tangu jana, dada," anajibu mwenzake aliye upande wa kichwa.

Wanaanza kushuka. Mwanamke anajilaza nyuma, uzito wa kitanda unamwelemea mgongoni, na visigino vyake vinachimba sakafu kimoja baada ya kingine. Magurudumu yanalia. Mzee anatazama dari.

"Mwanangu, mbona tunakwenda kama bibi harusi?" anauliza.

"Baba, ukitaka kufika haraka nitakuachia. Lakini ule ukuta wa chini hauna mlango."

Mzee anacheka, kisha anashika paja na kuomba asichekeshwe tena.

Hospitali hii ina lifti. Iliharibika, ikatengenezwa, ikaharibika, na sasa mlango wake umebandikwa karatasi za kuwakumbusha watu kunawa mikono. Tangu hapo kila mgonjwa asiyeweza kutembea hupitishwa kwenye njia ya zege iliyoinama, inayozunguka nyuma ya jengo kutoka ghorofa ya tatu mpaka chini. Kitanda chenye mtu mzima kikiachiwa pale juu, kitafika chini kabla hujamaliza kupiga kelele.

Ndiyo maana wenzake wanamwita Breki. Anakaribia miaka arobaini, na kwa miaka kumi na sita kazi yake imekuwa kukaa mbele ya vitanda na kuvizuia. Mwenzake anayeshika nyuma wamemwita Nyuma, na hata mshahara anaupokea kwa jina hilo.

Mwezi ujao Breki atapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani. Anakwenda kukimbia marathoni, kilomita arobaini na mbili, katika jiji kubwa la ng'ambo. Nafasi hiyo nusura imponyoke, na sababu ilikuwa ni hii hii kazi yake.

Mbio alianza bila kupanga. Klabu ya mbio ya mtaani ilikuwa ikifanya mazoezi nyuma ya hospitali, naye alikuwa akitoka kazini miguu ikimwaka. Akaona kutembea kunauma kuliko kukimbia, akawafuata. Wiki iliyofuata akawafuata tena. Kufika mwisho wa mwaka wanawake wote wa klabu walikuwa wakimwona kisogo, na wanaume wengi pia.

Nyumbani mama mkwe wake, anayeishi nao, alilipokea jambo hilo kwa mashaka. Siku ya kwanza alipomwona na suruali ya kubana alimzunguka mara mbili.

"Mke wa mwanangu, nguo ya juu ya hiyo umeisahau wapi?"

"Mama, ndiyo yenyewe."

"Na nani anakufukuza?"

"Hakuna anayenifukuza."

"Basi rudi ndani upumzike. Mtu asiyefukuzwa hukaa."

Mume wake ni seremala, mtu wa maneno machache. Yeye alimtazama, akarudi kwenye randa yake, akasema: "Ukichelewa nitapika mimi." Kwa watu wa nyumba hiyo, hiyo ilikuwa hotuba.

Mwaka huu klabu moja ya ng'ambo, iliyo rafiki na klabu yao, ilileta mwaliko wa mtu mmoja. Safari na malazi vyote juu ya wenyeji. Mwalikwa angechagua mwenyewe mbio moja kati ya tatu, katika majiji matatu. Wanachama walikaa kwenye mabenchi ya uwanjani wakakubaliana kwa kauli moja kwamba nafasi ni ya Breki. Aliyemfuatia kwa kasi, kijana mlinzi wa benki mwenye miguu mirefu kama ngazi, alipiga makofi kwa mkono mmoja, akiupigisha kwenye goti.

Kocha wa klabu ni mwalimu wa udereva. Aliwaeleza zile mbio tatu kama anavyowaeleza wanafunzi wake barabara. Ya kwanza ni tambarare tupu, kando ya mto. Ya pili ina madaraja na upepo. Ya tatu inaanzia juu mlimani, inateremka kilomita nyingi mfululizo mpaka jijini, kisha inamalizia kwenye tambarare.

"Hii ya tatu tuiweke pembeni," alisema kocha. "Mama, wewe unakwenda tambarare. Tumemaliza."

"Nakwenda mteremko," alisema Breki.

Watu wakaangua kicheko. Walidhani ni mzaha, na walikuwa na haki. Klabu nzima inajua kwamba hakuna mtu anayeteremka vibaya kama Breki. Kupanda anapanda, tambarare anaruka, lakini akiona barabara imeinama tu anajilaza nyuma, mikono inakwenda mgongoni, visigino vinachimba lami. Anashika kitanda ambacho hakipo. Wazee wa klabu, waliokuwa wakimwona kisogo njia nzima, humpita hapo wakimpungia mkono.

"Wewe ndiye wa mwisho kuteremka katika klabu hii," kocha alimwambia, "halafu katika dunia nzima unachagua mteremko? Huu si ukaidi?"

Haukuwa ukaidi. Nyuma alikuwa amemwonyesha kwenye simu picha za video za mbio hizo za tatu. Wengine waliotazama waliona jiji, bendera na umati. Breki aliona mapaja.

"Niliona watu wamefika chini wakiwa mbele, vijana wenye afya, halafu tambarare inaanza na miguu inawakatika," anasimulia akiwa amekaa kwenye benchi la wasukuma vitanda, kikombe mkononi. "Wanatembea kama waliotoka kupasuliwa. Pale mwisho wamewekewa viti vya magurudumu, wanasukumwa. Nikamwambia Nyuma, hawa hawakushindwa na tambarare. Mteremko ndio uliowala mapaja, tambarare imewakuta wameshakwisha. Mapaja yangu mimi yanazuia mteremko kila siku ya Mungu. Hayo hayakatiki."

Na kwa nini asichukue tambarare, akamaliza salama, akarudi na picha?

Anaweka kikombe chini.

"Kule tambarare nitamaliza. Kule mteremko nitashindana. Nimewapeleka watu chumba cha upasuaji, nimewapeleka wakazae, nimewapeleka nyumbani, nimewapeleka mochwari. Nimewapeleka watu kila mahali. Mahali hapa nitakwenda mimi, sasa nisipachague?"

Kocha si mtu mbaya. Alimpa njia mbili waziwazi. Akichukua tambarare, jina lake linapelekwa siku hiyo hiyo. Aking'ang'ania mteremko, atakimbia jaribio kabla ya jina kupelekwa: kutoka tangi la maji lililo juu ya mji, chini kwa barabara kuu, kisha tambarare mpaka geti la uwanja. Atakimbia na mlinzi. Akishindwa, nafasi yote inakwenda kwa mlinzi.

Hapo mlinzi akapiga makofi kwa mikono miwili.

"Shangazi, usijali," alisema. "Nitakuletea zawadi."

"Niletee breki za baiskeli, mwanangu," Breki alimjibu. "Utazihitaji siku hiyo."

Maneno yalikuwa matamu, ila mazoezi yalikuwa machungu. Kila jioni kocha alimpandisha mpaka kwenye tangi na kumfuata kwa gari la shule ya udereva, mwanafunzi akiwa kwenye usukani. Wanafunzi walizipenda jioni hizo. Zilikuwa siku pekee ambazo hakuna aliyewapigia honi, kwa kuwa kilichokuwa mbele yao kilikuwa polepole kuliko wao.

"Achia!" kocha alipiga kelele dirishani. "Achia, mama! Mguu uende!"

Aliyeachia alikuwa mwanafunzi. Alitoa mguu kwenye breki na gari likaruka mbele. Kocha akakanyaga breki ya upande wake, gari likazima katikati ya barabara, na Breki akaendelea kuteremka kwa visigino kama hakusikia kitu.

"Asubuhi nzima nawaambia watu wakanyage," kocha anasema sasa, akitikisa kichwa. "Jioni namwambia mmoja aachie. Na mimi mwenyewe kila nikimwona anateremka, mguu wangu wa kulia unakanyaga. Nikajiuliza, namfundisha nini huyu, wakati mwili wangu una ugonjwa ule ule?"

Walijaribu kila kitu. Kocha alimfunga mikono mbele kwa kitambaa ili isirudi nyuma. Alimwambia afumbe macho, wakaacha haraka baada ya kukutana na mbuzi. Siku moja Breki kweli aliachia, akajirusha chini kama mzigo, akaanguka na kuchubuka magoti yote. Kesho yake alisukuma vitanda na magoti yaliyofungwa bandeji. Wagonjwa wakamwuliza nani kati yao alale.

"Nilitaka kuacha," anasema. "Sikatai. Nilikuwa nimeshaamua kumwambia kocha apeleke jina langu tambarare."

Hakufika kumwambia. Zilibaki siku chache kabla ya jaribio, na mchana mmoja kengele ya wodi ya wazazi ikalia.

Wasukuma vitanda wana sheria moja ambayo kila mgeni hufundishwa kabla ya kuonyeshwa hata choo kilipo: kitanda hakikimbii. Haijalishi daktari anapiga kelele kiasi gani. Kitanda kinachokimbia ni kitanda kisicho na mwenyewe. Kengele ya wazazi pekee ndiyo inayoivunja sheria hiyo. Ikilia, maana yake kuna mama anayetakiwa chumba cha upasuaji chini, na anatakiwa sasa.

Katika hali hiyo Breki hakai mbele. Anahamia ubavuni. Nyuma anabaki kichwani akizuia kidogo kwa mikono, naye Breki anaweka mkono wa kushoto kwenye chuma cha pembeni na kukimbia sambamba na kitanda, akikielekeza kwenye kona. Hakizuii wala hakisukumi. Kitanda kinakwenda naye anakwenda nacho.

"Nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi sana," anasema. "Siku zote akili yangu iko kwa mama aliyelala pale. Nani anatazama miguu yake wakati huo?"

Nyuma ndiye aliyetazama. Walipomkabidhi yule mama na mlango wa upasuaji ukafungwa, wakabaki wawili kwenye korido, wakihema. Nyuma alikuwa ameinama, mikono magotini.

"Dada," alisema, "wewe si ndiye unayelia kwamba hujui kuteremka?"

"Ndiyo."

"Sasa hivi umeteremka na nini?"

Breki aligeuka akaitazama ile njia ya zege. Alikuwa ameishuka yote mbiombio, kona zake zote, na visigino havikuwa vimechimba popote. Mapaja yake hayakuwa na habari.

Ndani ya chumba mtoto akaanza kulia. Nyuma akasema, "Haya, na huyu naye kafika."

Jioni ile alipanda tangini na kumwambia kocha asiseme neno lolote. Kisha akaanza kuteremka, mkono wa kushoto ameutoa kidogo pembeni, usawa wa kiuno, vidole vimekunjwa kama vimeshika chuma. Mkono wa kulia ulikwenda na kurudi kama wa mkimbiaji yeyote. Ule wa kushoto ulitulia hapo hapo.

"Nikaona anakimbia vibaya kabisa," kocha anakiri. "Mkimbiaji gani anakimbia na mkono mmoja? Nikafungua mdomo nimrekebishe. Mwanafunzi aliyekuwa kwenye usukani akaniambia, mwalimu, tunaachwa."

Kocha akaufunga mdomo.

Breki analieleza jambo hilo kwa lugha ya kazini. "Nilikuwa nakosea kitu kimoja. Kocha ananiambia achia, na mimi kuachia kitanda siwezi, hata kama ni cha mawazo. Mwili wangu unakataa. Nilichokuwa nakijua ni kushika. Kumbe kuna kazi nyingine, ya kusindikiza. Mteremko sasa siushiki wala siuachii. Nausindikiza mpaka chini."

Siku ya jaribio klabu yote ilikuja. Nyuma alikuja na sare kwa sababu alikuwa zamu na alikuwa ametoroka. Mume wa Breki alifunga karakana. Mama mkwe aliletewa kiti, akawekwa getini chini ya mwavuli.

Pale juu mlinzi aliruka mahali pale pale kupasha misuli, akautazama mkono wa Breki.

"Shangazi, huyo uliyemshika mkono ni nani?"

"Mgonjwa wa kwanza. Wa pili utakuwa wewe."

Walipoanza kuteremka, mlinzi aliondoka kama kopo lililopigwa teke. Ana miguu, na aliiachia yote. Mpaka kona ya kituo cha mafuta alikuwa amempita mbali. Kwenye duka la rangi hakuonekana tena. Kocha, aliyekuwa akiendesha gari mwenyewe siku hiyo, anasema mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu muda wote, na hajui alikuwa akimzuia nani.

Breki hakuongeza kitu. Alisindikiza. Kona zote alizichukua kama za hospitali, kwa ndani, taratibu kwenye bega na haraka kwenye miguu. Mteremko ulipokwisha alikuwa nyuma, ila mlinzi alionekana tena, shati lake jeupe mbele kabisa barabarani.

Kisha shati likaanza kukua.

Hakuna aliyemwona mlinzi akipunguza mwendo kwa hiari. Alikuwa akijitahidi, meno nje. Mapaja yake ndiyo yaliyokuwa yamebaki kule juu. Kila akikanyaga, goti linataka kukunjika. Breki alimkuta karibu na ukuta wa shule ya msingi. Hapo ndipo alipoushusha mkono wa kushoto, ukaanza kwenda na kurudi kama mwenzake.

"Twende, mwanangu," alimwambia alipomfikia. "Usisimame, misuli itakaza."

"Nenda zako, shangazi," mlinzi alijibu. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeumwa: "Nenda, bwana!"

Getini mama mkwe alimwona akija peke yake. Walio karibu wanasema alisimama kutoka kitini, jambo ambalo halifanyi hata kwa wageni wa heshima, akageuka kwa mwanawe.

"Huyu anayekuja ni wetu?"

"Ni wetu, mama."

"Mbona hafukuzwi na mtu?"

"Amewaacha."

Mama mkwe akafikiri kidogo. "Basi mwambie asisimame, aendelee," alisema. "Amependeza."

Mlinzi alifika baadaye, akakaa chini kwenye majani, na kusimama ikawa shida. Breki na Nyuma wakamshika mmoja huku mmoja kule, kama walivyozoea. Kesho yake alikuja hospitalini kuomba dawa ya kuchua. Akaiona njia ya zege, akaikumbuka barabara ya tangini, akaomba dawa aletewe pale pale alipo. Sasa yeye ndiye anayekimbia na Breki mazoezi ya jioni. Anasema mwakani na yeye anautaka mteremko, ila kwanza anaomba kazi ya Jumapili ya kushika vitanda mbele.

"Tutamfikiria," anasema Nyuma. "Bado anakimbia sana."

Jina limeshapelekwa. Kilichobaki ni maandalizi madogo. Kule kutakuwa na baridi, na mama mkwe amefuma kofia ya sufu ambayo inamfunika Breki mpaka kwenye nyusi. Breki ameahidi kuivaa mpaka mstari wa kuanzia. Mume ametengeneza ubao wenye mwinamo, ameuweka ukumbini, na mkewe husimama juu yake akimenya viazi ili miguu isisahau. Watu wakija kutembelea huugonga kwa vidole vya miguu, na mume husema tu: "Hiyo ni ya safari."

Kazini kuna jambo moja linalomsumbua, nalo ni nani atakaa mbele ya vitanda wakati hayupo. Hospitali imesema Nyuma atahamia mbele, na mtu wa kufua mashuka atakuja kushika kichwa. Breki anamfundisha Nyuma kila siku. Nyuma analalamika mapaja, na anasema hakujua kwamba miaka yote hiyo alikuwa amepewa upande wa mapumziko.

Mzee mwenye paja lililovunjika amerudi kutoka kwenye picha na anasubiri kupandishwa. Amesikia mazungumzo yote, kwa sababu mgonjwa aliyelala chali hana pengine pa kupeleka masikio.

"Mwanangu, ukishafika huko mwisho utafanya nini?" anauliza. "Utalia? Kwenye televisheni huwa wanalia."

Breki anakagua magurudumu, moja moja, kama anavyofanya kila safari.

"Baba, pale mwisho kuna vile viti vya magurudumu, vya wale walioishiwa. Nimevitazama sana kwenye simu. Mimi sitaki kukaa kwenye kimoja."

"Utapita tu?"

"Sitapita. Nitavua hiyo kofia, nitaomba kiti kimoja chenye mtu, nimsukume mpaka kwao anakotaka. Nikifika pale nikiwa bado na nguvu ya kusukuma mtu, nitajua nilichagua vizuri."

"Safari yote hiyo, dada," anasema Nyuma, "kumbe unakwenda kazini!"

Breki anacheka, anazunguka upande wa miguu, kwa kuwa kupanda husukumwa kutoka nyuma. Anakunja mikono ya sare yake.

"Tayari huko mbele?"

"Tayari."

Kitanda kinaanza kupanda.